Huzuni ya Binti wa Sultani: Je, Wajua Kuitambua Huzuni ya Mwenzio?

Homa ya mwenzio ni rahisi kuitambua. Ukimgusa paji la uso waisikia joto. Lakini kuna maradhi ya moyo ambayo mkono hauyagusi. Madaktari huyaita sonona. Aliye nayo huamka asubuhi, hupika, huwaosha watoto, hucheka na wageni, na wote nyumbani husema yu mzima. Wahenga walinena kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Katika ndoa basi shida ni kubwa zaidi, maana kitanda ni kimoja na bado mmoja hajui mwenziwe anaumwa na nini.

Hapa Mtwapa jambo hili latuhusu sana. Binti zetu wameolewa Ujerumani na nchi nyingine za Ulaya, na wengine wako Uarabuni kwa kazi. Wapo pia akina mama walioletwa hapa na waume zao kutoka bara, wakayaacha makwao. Picha zikija, tunaona nguo nzuri na tabasamu, tunasema mtoto wetu amefika. Leo tutazame maisha ya binti wa pwani aliyeipita njia hiyo zamani, Sayyida Salme wa Unguja.

Salme alizaliwa tarehe 30 Agosti 1844 katika jumba la Mtoni. Baba yake alikuwa Sayyid Said bin Sultan, na mama yake, Jilfidan, alikuwa suria kutoka nchi ya Wacherkesi. Alikulia katika nyumba yenye ndugu wengi na watumishi wengi. Alijifundisha kuandika mwenyewe, jambo ambalo wasichana wa nyumba ile hawakufundishwa. Mwaka 1856 baba yake alifariki baharini, na mwaka 1859 mama yake naye akafariki. Mwaka huo huo ndugu zake waligombania kiti, Salme akamwandikia barua kaka yake Barghash katika njama za kumpindua Majid. Njama zilishindwa. Baadaye alipopatana na Majid, walio upande wa Barghash wakamkasirikia. Hivyo tayari alikuwa amefiwa na wazazi, na ndugu wamegawanyika.

Jirani yake mjini alikuwa mfanyabiashara kijana wa Hamburg, Heinrich Ruete. Wakapendana, Salme akashika mimba. Agosti 1866 alitoroka kwa manowari ya Kiingereza, Highflyer, hadi Aden, akajifungua huko mtoto wa kiume. Tarehe 30 Mei 1867 alibatizwa kwa jina la Emily, na siku hiyo hiyo akafunga ndoa. Mafundisho ya imani aliyoingia yalikuwa haba mno. Wakasafiri kwenda Ujerumani, na yule mtoto akafariki njiani mwaka huo.

Hebu tumfikirie mama huyo. Amewapoteza wazazi, nchi, dini ya utotoni na mtoto. Kisha anashuka katika mji wa baridi, hajui lugha, na watu wanamtazama kama kitu cha ajabu. Ila mumewe alijua Kiswahili, nacho ndicho walichozungumza nyumbani. Wakapata watoto watatu, mwaka 1868, 1869 na 1870. Kwa jirani wa Hamburg, ile ilikuwa nyumba yenye heri.

Agosti 1870 Heinrich alianguka alipokuwa akishuka kwenye tramu, akafa. Mtoto wa mwisho hakuwa ametimiza miezi minne, na Salme hakuwa ametimiza miaka 26. Mtu wa kuzungumza naye Kiswahili akawa hayupo tena. Oktoba mwaka huo huo Majid naye akafariki. Salme alihama mji hadi mji kwa uhaba wa fedha, akafundisha Kiarabu, akawalea watoto wake. Hakuolewa tena.

Mwaka 1886 alichapisha kitabu cha kumbukumbu zake, na wasomaji wa Ulaya wakafurahia habari za majumba ya Unguja. Lakini yako maandishi mengine, barua ndefu kwa rafiki wa nyumbani, ambazo hazikuchapishwa akiwa hai. Zilitoka mwaka 1993. Humo ndimo alimoweka upweke wake, woga wake na kiu ya kwao. Kitabu kilimwonyesha binti wa Sultani, na barua zikamwonyesha mtu aliyelemewa. Alirudi Unguja mwaka 1885 na 1888, naye Barghash hakukubali kumwona mwaka ule wa kwanza. Akaishi miaka mingi Beirut, akafariki Jena tarehe 29 Februari 1924. Katika vitu vyake ulikutwa mfuko mdogo wa mchanga wa Unguja, akazikwa nao Hamburg.

Si kazi yetu kumpa marehemu jina la ugonjwa. Lakini ule mfuko watufundisha. Mtu aweza kubeba jambo zaidi ya miaka 50 na walio karibu wasilione.

Kwanza, angalia kilichobadilika. Usingizi umepotea au umezidi. Chakula hakimpendezi. Hasira za haraka, hasa kwa wanaume. Kwaya au mpira aliopenda ameuacha. Analalamika kichwa na mgongo, na dawa hazisaidii. Hali hii ikidumu wiki mbili au zaidi, usiseme ni uvivu wala ni jini.

Pili, hesabu alivyopoteza. Aliyefiwa, aliyehama, aliyejifungua karibuni, aliyefutwa kazi, huyo mwulize kabla hajasema.

Tatu, uliza kwa lugha ya moyo wake, mkiwa wawili, kisha nyamaza usikilize. Usimwambie ashukuru kwa kuwa wengine wana shida zaidi. Ukihisi anafikiria kufa, mwulize waziwazi. Kuuliza hakumtii wazo hilo kichwani. Usimwache peke yake, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Sonona hutibika, kwa mazungumzo na mshauri na kwa dawa. Sala na daktari havigombani.

Nanyi wazazi wenye binti ng'ambo, akipiga simu msianze na habari ya fedha. Mwulizeni kwanza analalaje, anakula na nani, na ni nani huko anayezungumza naye lugha ya kwao.