Jigoro Kano: Mdogo wa Umbo, Mkubwa wa Mbinu
Nilikaribia kuacha judo kwa sababu wenye miili mikubwa waliniangusha kila siku. Kisha nikasoma maisha ya Jigoro Kano, Mjapani aliyezaliwa mwaka 1860. Naye alikuwa mdogo wa umbo, akionewa shuleni. Alijifunza jujutsu akiwa mwanafunzi wa chuo kikuu, na mwaka 1882 akaanzisha Kodokan mjini Tokyo. Mbinu za hatari aliziondoa katika mapambano ya mazoezi, ili wanafunzi wapambane kwa nguvu zote bila kuvunjana viungo. Alifundisha kumyumbisha mpinzani kwanza, ndipo umwangushe kwa nguvu kidogo. Alifariki mwaka 1938 akiwa melini, akirejea kutoka mkutano wa Olimpiki, Cairo. Nimerudi mkekani. Bado naangushwa, ila siumii, alhamdulillah. Nguvu ni amana, tusiipoteze ovyo.