Johannes Rebmann: Mpita Njia wa Taita, Mkazi wa Rabai

Wahenga walinena kwamba mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali hii humkaribisha mgeni kwa matumaini makubwa, lakini haielezi mgeni akae muda gani ndipo mwenyeji apone. Swali hilo lina uzito wa pekee katika Taita, nchi ambayo wahubiri wa Kikristo waliipitia kwa miaka mingi kabla ya kuifanya makao. Hata leo, vikundi vya Wakristo kutoka ng'ambo huja Kenya kwa safari za kimisionari za majuma machache. Wakishajenga darasa au kuhubiri mikutano, hufunga mizigo wakarudi kwao. Maisha ya Johannes Rebmann yanafaa kulimulika swali hili, kwa sababu mtu huyu aliyajua yote mawili. Taita aliipita, Rabai aliketi.

Rebmann alizaliwa tarehe 16 Januari 1820 huko Gerlingen, katika dola ya Württemberg, ambayo sasa ni sehemu ya Ujerumani. Watu wake walikuwa wakulima wa mizabibu. Alipata mafunzo ya umisionari Basel, Uswisi, na baadaye Uingereza, chini ya chama cha wamisionari wa Kianglikana cha CMS. Alipopewa daraja la ukasisi mwaka 1845, alitumwa Afrika Mashariki, akafika Mombasa mwezi Juni 1846. Huko alimkuta Mjerumani mwenzake, Johann Ludwig Krapf, ambaye alikuwa ametangulia mwaka 1844 na kumzika mkewe katika miezi yake ya kwanza pwani. Mwezi Agosti 1846 wawili hao walihamia Rabai, katika nchi ya Wamijikenda, hali wote wamedhoofishwa na homa.

Krapf alikuwa na ndoto ya kuweka mlolongo wa vituo vya misheni kutoka pwani ya mashariki hadi ya magharibi. Ndoto hiyo ndiyo iliyomsukuma Rebmann kuelekea bara. Mwezi Oktoba 1847 alifunga safari yake ya kwanza hadi Kasigau, mlima unaosimama peke yake kusini-mashariki mwa Voi. Aliongea na wenyeji habari za dini yake, kisha akarejea Rabai mwezi huohuo. Watu wa Kasigau walikuwa wamemwona mgeni, naye alikuwa ameiona nchi yao.

Safari iliyolifanya jina lake litajwe duniani ilianza tarehe 27 Aprili 1848. Aliongozwa na Bwana Kheri, mkuu wa misafara kutoka Mombasa aliyezijua njia za biashara ya pembe za ndovu, pamoja na wapagazi wachache. Hakubeba bunduki, mwavuli ndio uliompa umaarufu katika masimulizi ya safari zake. Msafara ulivuka nyika kavu ya Taru, ukapita Maungu, ukaikata nchi ya Taita hadi Bura. Asubuhi ya tarehe 11 Mei, katika tambarare iliyo ng'ambo ya milima ya Taita, aliuona mlima wenye kilele cheupe. Alipomuuliza mwongozaji weupe ule ni nini, mwongozaji hakuwa na jina la kuupa ila neno moja tu, baridi. Rebmann alitambua mara moja kwamba anaitazama theluji. Aliendelea hadi Kilema kwa Mangi Masaki, akarejea Rabai mwezi Juni. Safari nzima ilichukua kama majuma sita.

Tukio hili lina somo kwa mwanafunzi wa lugha. Mwongozaji aliijua theluji kwa athari yake mwilini, Rebmann akaijua kwa jina la kwao Ulaya. Ujuzi wa wawili hao ulipokutana ndipo habari ilipopatikana. Habari hiyo ilichapishwa London mwaka 1849 katika gazeti la CMS, nao baadhi ya wanajiografia wakaipinga vikali. Msomi William Desborough Cooley, ambaye hakuwahi kufika Afrika Mashariki, alishikilia kwamba theluji haiwezi kukaa karibu na ikweta. Rebmann alithibitika kuwa mkweli baada ya Karl Klaus von der Decken kuuzuru mlima huo mwaka 1861 na 1862. Hata hivyo, katika vitabu vingi sifa ya ugunduzi ilimwendea Rebmann peke yake, ilhali Bwana Kheri na watu wa Taita na Uchaga walikuwa wakiujua mlima huo siku zote.

Rebmann alirudi Uchagani mara mbili zaidi. Mwishoni mwa mwaka 1848 alifika Machame kwa Mangi Mamkinga, akapokewa kwa ukarimu. Akatiwa moyo, na mwezi Aprili 1849 akaondoka tena Rabai na shehena ya bidhaa, akinuia kufika hata Unyamwezi. Safari hii Mamkinga alimdai zawadi juu ya zawadi, mpaka nguo na bidhaa zilizokusudiwa kumfikisha mbali zikaisha mikononi mwa mwenyeji wake. Mhubiri alirudi pwani akiwa mgonjwa na mwenye majonzi. Ni rahisi kumlaumu Mamkinga kwa tamaa. Lakini mtawala yule alimwona mgeni aliyekuja na mali na ambaye kesho angeondoka nayo, na kwa desturi ya njia za biashara mpitaji hutoa hongo. Rebmann alijiona mjumbe wa Mungu. Kwa Mamkinga alikuwa msafiri kama wasafiri wengine. Katika ziara ya majuma machache hapakuwa na nafasi ya kuusahihisha mtazamo huo.

Kuanzia hapo maisha yake yalibadilika mkondo. Mwaka 1851 alimwoa Emma Tyler, mjane Mwingereza, wakaishi Rabai. Krapf aliondoka mwaka 1853. Jakob Erhardt, mwenzao wa tatu, aliondoka mwaka 1855 akiwa amebeba ramani ambayo yeye na Rebmann waliichora kutokana na masimulizi ya wafanyabiashara wa misafara. Ramani hiyo ilionyesha ziwa moja kubwa mno katikati ya bara. Ilikosea, kwa kuwa iliyaunganisha maziwa yaliyo mbalimbali, lakini ilichangia kuwaleta Richard Burton na John Hanning Speke kutafuta ukweli. Rebmann alikataa kuandamana nao mwaka 1857. Alikuwa ameacha kuwa msafiri.

Kazi aliyoishika badala yake ilikuwa ya kuketi na kusikiliza. Alikusanya maneno ya Kiswahili na ya lugha ya Wamijikenda. Aidha, aliketi kwa muda mrefu na Salimini, mtumwa aliyetolewa nchi za Ziwa Nyasa na kuletwa Mombasa, akaandika kamusi ya lugha ya kwao kutoka kinywani mwake. Kamusi hiyo ilichapishwa mwaka 1877, baada ya Rebmann kufariki. Kamusi ya lugha ya Wamijikenda, aliyoiandaa pamoja na Krapf, ilitoka mwaka 1887. Tafsiri yake ya Injili ya Luka kwa Kiswahili ilichapwa mwaka 1876. Hakuna hata moja kati ya kazi hizi ambayo ingewezekana katika majuma sita.

Gharama ya kukaa ilikuwa kubwa. Mtoto wao alifariki akiwa mchanga. Emma alifariki mwaka 1866, na Rebmann akabaki mjane, macho yake yakififia. Mwaka 1873 Bwana Bartle Frere, mjumbe wa serikali ya Uingereza katika suala la biashara ya watumwa, alizuru Rabai akamkuta mzee aliyekaribia upofu, mwenye waumini wachache tu. Kwa kipimo cha hesabu, miaka yote ile ilikuwa imepotea bure. Ni haki pia kukiri kwamba Rebmann alikuwa na makosa yake: aliidharau dini ya Wamijikenda, na huenda dharau hiyo iliwafungia wengi mlango.

Lakini wachache hao hawakuwa bure. Miongoni mwao alikuwamo Abe Gunja, mmoja wa Wakristo wa mwanzo. Rebmann aliporejea Ulaya mwaka 1875, haoni, aliyemshika mkono safari yote ni Isaac Nyondo, mwana wa Abe Gunja. Mgeni aliyekuja kuwaongoza watu aliondoka akiongozwa na kijana wa watu hao. Rebmann alihamia Kornthal, karibu na Krapf, akaoa tena, akafariki tarehe 4 Oktoba 1876 akiwa na umri wa miaka 56.

Nayo Taita? Baada ya Rebmann kupita ilikaa miaka zaidi ya 30 bila kituo cha CMS. J. A. Wray alipokuja kukaa Sagalla mwaka 1883 ilimbidi kuanza mwanzo, tena katika mkesha wa njaa kubwa ya 1884. Wamisionari Wakatoliki walianza Bura mwaka 1892. Walioifanya imani hiyo ikite mizizi hatimaye ni Wataita wenyewe, waliofundisha na kuhubiri kwa lugha zao miongoni mwa jamaa zao.

Jambo hili halihusu dini peke yake. Mraru, katika nchi ileile ya Voi ambayo misafara ya pwani iliikata, inakumbukwa kwa kikundi cha wanawake ambao katika miaka ya 1970 walichanga fedha kidogo kidogo hadi wakanunua basi lao wenyewe la kuwafikisha sokoni Voi, kwa sababu mabasi mengine yalikuwa yakiwapita yakiwa yamejaa. Walilijua tatizo hilo kwa kuishi nalo kila siku. Mpita njia wa majuma mawili asingelijua kwa namna hiyo.

Hivyo basi, safari fupi za Rebmann zisipuuzwe, kwani zilibadilisha ramani ya dunia. Ila wenyeji wa Taita waliokuwa katika njia yake hazikuwabadilishia mengi. Kilichobaki kwa Waafrika Mashariki kutokana na maisha yake ni maneno yaliyoandikwa Rabai pole pole, pamoja na watu wachache waliomjua vya kutosha hata wakakubali kumshika mkono. Kwa kila mgeni afikaye Taita na nia njema, mizani ya kazi yake ipo hapo.