Robert Koch na somo la visiwa vya Ssese

Mwaka 1908 mabingwa wa kifua kikuu kutoka pembe zote za dunia walikutana Washington, mwendo mfupi kutoka Oxon Hill, Maryland, yanakoandikiwa makala haya. Aliyesubiriwa kuliko wote alikuwa Mjerumani, Robert Koch. Alishikilia kwamba kifua kikuu cha ng'ombe si hatari kubwa kwa binadamu. Wenzake walimpinga, na baadaye ilibainika kuwa maziwa yasiyochemshwa yaliwaambukiza watoto wengi.

Koch alizaliwa Clausthal tarehe 11 Desemba 1843. Mwaka 1882 alitangaza kukigundua kijidudu cha kifua kikuu, na mwaka 1905 akatunukiwa Tuzo ya Nobel. Alichoufundisha ulimwengu ni kwamba kila maradhi ya kuambukiza yana kijidudu chake.

Uganda ilionyesha kuwa kukijua kijidudu hakutoshi. Mwaka 1906 Koch alipiga kambi katika visiwa vya Ssese, Ziwa Victoria, ambako malale yalikuwa yakiteketeza vijiji. Kimelea kilikwishajulikana, na mbung'o anayekieneza pia. Aliwadunga wagonjwa atoksili, dawa yenye aseniki. Wengi walipata nafuu, kisha maradhi yakawarudia. Kipimo kilipoongezwa, baadhi wakapofuka. Alipendekeza pia mamba waangamizwe, kwa kuwa mbung'o walinyonya damu yao.

Utawala wa Kiingereza, chini ya Hesketh Bell, uliamua kuwahamisha wakazi wa mwambao, na hatimaye wa visiwani. Watu waliacha migomba, mitumbwi na makaburi ya wazee wao. Hata hivyo, miaka kadhaa baadaye mbung'o wa visiwani walikutwa bado na vimelea, kwani nzohe waliobaki vichakani walivihifadhi damuni mwao. Mgonjwa, mdudu, mnyama, kichaka na riziki ya mvuvi vilikuwa fundo moja. Kuvuta uzi mmoja hakukulifungua.

Koch alifariki Baden-Baden tarehe 27 Mei 1910. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kuwa Uganda imeitokomeza aina moja ya malale, ile ya gambiense, kama tatizo la afya ya jamii. Ushindi huo ulipatikana kwa kupima watu vijijini, kuwatibu na kutega mbung'o kando ya mito, wananchi wakiwa wangali majumbani mwao.