John Shippen: Kijana wa miaka 16 aliyewatoa jasho magwiji wa gofu Marekani

TAJA gofu mbele ya vijana na jina la kwanza utakalosikia ni Tiger Woods. Lakini miaka 101 kabla ya Tiger kushinda Masters mwaka wa 1997, kijana mwingine mweusi alikuwa tayari ameshika fimbo na kupambana na magwiji wa mchezo huo. Aliitwa John Shippen, na wakati huo alikuwa na miaka 16 tu.

Shippen alizaliwa Desemba 5, 1879 jijini Washington, miaka 14 baada ya utumwa kupigwa marufuku kote Marekani. Baba yake alikuwa mhubiri wa kanisa la Presbyterian. John akiwa bado mtoto, baba alitumwa kuhudumia jamii ya Shinnecock, wenyeji asilia wanaoishi Long Island katika jimbo la New York. Familia nzima ikahamia huko.

Basi ikatokea kwamba mnamo 1891 matajiri wa New York walianzisha klabu ya gofu ya Shinnecock Hills karibu na hapo. Vibarua wa jamii ya Shinnecock ndio waliofyeka vichaka na kutengeneza uwanja. Baadaye akaja Willie Dunn, mwanagofu wa kulipwa kutoka Scotland, ambaye aliwatumia vijana wa eneo hilo kuwa makedi, yaani wale wanaobebea wachezaji mikoba ya fimbo. John alikuwa miongoni mwao.

Dunn aligundua mapema kwamba kijana huyu si wa kubeba mikoba tu. Akamfundisha kucheza. Kabla hata hajafikisha miaka 17, Shippen alikuwa akikarabati fimbo, akiweka hesabu ya mipigo kwenye mashindano na kuwafunza gofu watu wazima waliokuwa wanachama wa klabu.

Mambo haya hayatakuwa mageni kwa anayefuatilia gofu hapa Kenya. Wengi wa wachezaji wetu wa kulipwa walianza hivyo hivyo, wakibeba mikoba ya wenye pesa huku macho yao yakisoma kila pigo.

Mwaka wa 1896, shindano la US Open, likiwa ndio mara ya pili kufanyika, lilipelekwa Shinnecock Hills. Wanachama walimhimiza Shippen ajisajili pamoja na rafiki yake Oscar Bunn, kijana wa jamii ya Shinnecock. Wachezaji wa kulipwa, wengi wao kutoka Uingereza na Scotland, waliposikia hivyo walikuja juu. Walitisha kususia shindano iwapo wawili hao wangeruhusiwa kucheza.

Kumbuka huo ulikuwa wakati gani. Miezi miwili tu awali, Mahakama ya Juu ya Marekani ilikuwa imeamua kwamba ni halali kuwatenga watu weusi na wazungu. Ingekuwa rahisi sana kumwambia kijana wa miaka 16 arudi nyumbani. Lakini rais wa shirikisho la gofu la Marekani, Theodore Havemeyer, tajiri wa biashara ya sukari, alikataa kata kata. Aliwajulisha kwamba shindano litafanyika hata kama watakaobaki uwanjani ni Shippen na Bunn peke yao. Waliotisha kuondoka wakafyata mkia, na shindano likachezwa.

Julai 18, wachezaji walizunguka mashimo 18 mara mbili kwa siku moja. Raundi ya kwanza Shippen alipiga mipigo 78, sawa kabisa na James Foulis, mwanagofu wa Scotland aliyekuwa akifanya kazi Chicago. Kedi wa juzi alikuwa akipigania taji!

Kisha likaja shimo la 13 katika raundi ya pili. Mpira ulienda pembeni ukaangukia kwenye barabara ya mchanga. Akapiga, ukabaki mchangani. Akapiga tena, wapi! Alipolimaliza shimo hilo alikuwa ametumia mipigo 11.

Mwishowe Foulis alitwaa ubingwa kwa mipigo 152. Shippen alikuwa na 159, akagawana nafasi ya sita na kwenda nyumbani na zawadi ya dola 10. Hebu piga hesabu. Angelimaliza shimo hilo moja kwa mipigo minne, angekuwa sare na bingwa.

Wengi husimulia habari za Shippen wakaishia kwenye ule mchanga, kana kwamba ndio uliomnyima makubwa. Ukweli ni kwamba mchanga haukumaliza mtu. Alirudi US Open mara kadhaa zaidi, na mwaka wa 1902 aligawana nafasi ya tano. Alifanya kazi ya ualimu wa gofu katika vilabu vikubwa kama Maidstone na Aronimink. Mara yake ya mwisho kucheza US Open ilikuwa 1913.

Kilichomzuia ni kufungwa kwa milango. Havemeyer alifariki mwaka wa 1897, mwaka mmoja tu baada ya kumtetea. Gofu ilipoanza kuwa na pesa, ubaguzi nao ukaandikwa rasmi. Chama cha wanagofu wa kulipwa, PGA, kilichoundwa mwaka wa 1916, kiliweka kipengele mwaka wa 1934 kilichosema wanachama ni wazungu pekee. Kipengele hicho kilidumu hadi 1961. Wakati huo Shippen alikuwa mzee wa miaka 81.

Mwanzoni mwa miaka ya 1930 alikuwa ameshapata kazi Shady Rest, klabu ya Wamarekani weusi huko Scotch Plains, New Jersey. Wanamuziki wakubwa kama Duke Ellington walitumbuiza hapo. Shippen alitunza uwanja, akatengeneza fimbo na kufunza gofu hadi miaka ya 1960.

Kaka yake Cyrus alikuwa amesoma Chuo Kikuu cha Yale na kuwa mwalimu. John aliacha shule kwa ajili ya gofu, na uzeeni alikiri kwamba nyakati nyingine alijiuliza kama hangefanya vyema kufuata njia ya Cyrus. Lakini akiutazama uwanja nje ya dirisha, alijua alichagua alichokipenda.

Alifariki Mei 20, 1968, akiwa na miaka 88. PGA ilimpa uanachama mwaka wa 2009, miaka 41 baada ya kuzikwa.

Ikiwa wewe ni kedi unayefanya mazoezi jioni wenye klabu wakishaondoka, endelea. Na ikiwa wewe ndiye unayeamua nani aingie uwanjani, usisahau Havemeyer. Kijana yule alikuwa na kipaji siku zote, lakini siku aliyokaribia ubingwa wa Marekani ni ile ambayo mkubwa mmoja alikataa kumfukuza.