Luigi Broglio

Luigi Broglio (Mestre, Italia, 11 Novemba 1911 – Roma, 14 Januari 2001) alikuwa mhandisi, profesa na jenerali wa jeshi la anga la Italia. Anajulikana hasa kama mwanzilishi wa mradi wa San Marco, uliorusha satelaiti kutoka pwani ya Kenya kati ya miaka 1967 na 1988. Alibuni pia chombo cha kupima jinsi hewa inavyozipunguzia satelaiti mwendo.

Maisha

Alisomea uhandisi katika Chuo Kikuu cha Roma La Sapienza na kuhitimu mwaka 1934. Mwaka 1952 akawa mkuu wa Shule ya Uhandisi wa Anga ya chuo hicho. Alishiriki pia kuanzisha uwanja wa majaribio ya roketi wa Salto di Quirra katika kisiwa cha Sardinia.

Mradi wa San Marco

Italia haikuwa na roketi kubwa ya kufikisha satelaiti angani. Kwa sababu hiyo, mwaka 1962 ilipatana na NASA kwamba Marekani itatoa roketi aina ya Scout na mafunzo, nayo Italia itatengeneza satelaiti na mahali pa kurushia. Satelaiti ya kwanza, San Marco 1, ilirushwa na kikosi cha Waitalia kutoka Wallops Island, Marekani, tarehe 15 Desemba 1964.

Broglio alitaka kurusha kutoka ikweta. Hapo Dunia huzunguka kuelekea mashariki kwa kasi ya takriban kilomita 1,670 kwa saa, na roketi inayorushwa upande huo hufaidika na kasi hiyo. Alichagua Ghuba ya Ungwana, karibu na Ngomeni, kaskazini mwa Malindi, ambako upande wa mashariki ni Bahari Hindi tupu. Majukwaa yalisimikwa baharini, na tarehe 26 Aprili 1967 San Marco 2 ikafika katika obiti.

Kwa jumla satelaiti 9 zilirushwa kutoka hapo. Iliyo maarufu zaidi ni Uhuru ya Marekani, iliyoondoka tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu ya uhuru wa Kenya, na kupewa jina lake kwa sababu hiyo. Ilikuwa satelaiti ya kwanza iliyotengwa kwa uchunguzi wa eksirei kutoka anga-nje.

Mizani ya Broglio

Satelaiti inayopita chini hukutana na hewa hafifu sana, lakini hewa hiyo huipunguzia nishati. Obiti hushuka, muda wa mzunguko hufupika, na mwishowe satelaiti huanguka. Jua linapochangamka, angahewa ya juu hupata joto na kutanuka, na anguko huja mapema zaidi.

Broglio alitengeneza satelaiti yenye ganda jepesi la nje lililoshikwa na mihimili inayonyumbuka kwenye kiini kizito cha ndani. Hewa iliposukuma ganda, ganda lilisogea kidogo kulinganisha na kiini. Kwa kupima msogeo huo katika pande tatu, wataalamu walipata msongamano wa hewa papo hapo, bila kusubiri obiti ibadilike.

Jambo hili linawagusa hata watazamaji wa kujitolea wanaofuatilia satelaiti kwa darubini ndogo na kompyuta. Makadirio ya hewa yakikosewa, satelaiti hupita mapema au kuchelewa kuliko programu ilivyotabiri, na mtazamaji huikosa. Vipimo vya San Marco 3, iliyorushwa mwaka 1971, vilitumika kuunda kielelezo cha angahewa cha MSIS cha mwaka 1977.

Satelaiti za obiti ya ikweta, kama Uhuru, hazionekani kamwe kutoka Roma. Lakini mji wa Dodoma uko takriban digrii 6 tu kusini mwa ikweta. Kwa hiyo satelaiti kama hiyo, ikiwa na kimo cha kilomita 540 hivi, huchomoza juu ya upeo wa Dodoma kila baada ya dakika 100 hivi, ingawa huweza kung'aa tu baada ya machweo au kabla ya mapambazuko.

Urithi

Urushaji ulikoma baada ya San Marco D/L, tarehe 25 Machi 1988, lakini kituo cha nchi kavu kiliendelea kupokea mawimbi ya satelaiti. Kinaitwa kwa jina la Broglio, kama ilivyo asteroidi 18542. Mwaka 2018 satelaiti ya kwanza ya Kenya, 1KUNS-PF, iliachiliwa kutoka Kituo cha Kimataifa cha Anga. Ilitengenezwa na Chuo Kikuu cha Nairobi kwa ushirikiano na La Sapienza, chuo alichofundisha Broglio.