Paul Broca na Mgonjwa Aliyekosa Maneno

Paul Broca alizaliwa mwaka 1824 huko Sainte-Foy-la-Grande, mji mdogo wa Ufaransa. Baba yake alikuwa mganga. Paul alipopata miaka 17 alikwenda Paris kujifunza kazi ile ile. Kwa bidii yake akawa mganga mkubwa wa kupasua.

Siku zile wataalamu walibishana juu ya ubongo. Wengine walisema ubongo wote hufanya kila kazi pamoja. Wengine walisema kila sehemu ina kazi yake, lakini walikosa ushuhuda wa kutosha.

Mwaka 1861 Broca alikuwa mganga katika hospitali ya Bicêtre, karibu na Paris. Tarehe 11 mwezi wa nne akaletewa mgonjwa mwenye mguu unaooza. Jina lake Leborgne, lakini watu walimwita Tan, kwa maana kila alipoulizwa neno, alijibu kwa sauti hiyo tu. Mkono wake wa kuume na mguu wake wa kuume ilikuwa imepooza. Wagonjwa wenzake hawakumpenda.

Broca hakumdharau. Alimwuliza amekaa hospitalini miaka mingapi. Tan akafumbua vidole vya mkono wa kushoto mara nne, kisha akaongeza kidole kimoja. Ndiyo miaka 21, wala hakukosea! Basi Broca akatambua kwamba mtu huyu anasikia na kufahamu. Maneno tu ndiyo yanayokataa kutoka.

Siku chache baadaye Tan alikufa. Broca akapasua kichwa chake, akaona jeraha katika ubongo, upande wa kushoto, sehemu ya mbele. Alichunguza wagonjwa wengine wa namna hiyo, na mwaka 1865 akatangaza kwamba kwa watu wengi usemi huongozwa na upande wa kushoto wa ubongo. Upande huo huo huongoza mkono na mguu wa kuume. Ndiyo sababu Tan alipooza kuume.

Fikirini nchi yetu. Watu wa Rurambo hulima na kuchunga ng'ombe milimani. Wavuvi wa Uvira huvua ndagala ziwani. Kila mmoja ana kazi yake, lakini wote husaidiana. Ubongo ni vivyo hivyo. Sehemu ya nyuma kabisa hupokea yanayoonwa na macho. Ubongo mdogo, ulio chini yake, hutusaidia kusimama na kutembea bila kuyumba. Mwaka 1874 mganga Mdachi, Carl Wernicke, alionyesha sehemu nyingine inayotusaidia kufahamu maneno.

Broca alikufa Paris mwaka 1880, mwenye miaka 56. Hata leo sehemu ile ya ubongo huitwa kwa jina lake.

Watoto, pengine babu au nyanya hupatwa na kiharusi, akashindwa kusema. Msimcheke, wala msiseme amekuwa mjinga. Huenda anasikia yote. Kaeni karibu naye, semeni naye polepole, mtazame mkono wake na macho yake.

Maswali
1. Kwa nini watu walimwita Leborgne kwa jina la Tan?
2. Alijibuje swali la Broca juu ya miaka yake?
3. Jeraha lilikuwa upande gani wa ubongo?
4. Tumtendeeje mtu aliyeshindwa kusema?