Profesa Abdus Salam: Mwalimu Aliyeukimbia Upweke

Kamati ya mkutano wetu imeniomba niandike habari za maisha ya mtu mmoja mashuhuri aliyekwisha fariki. Najua wengine wangechagua viongozi au mashujaa wa vita. Mimi, niliyekula vumbi la chaki miaka mingi nikifundisha fizikia chini ya Milima ya Uluguru, nimemchagua mwanafizikia, Profesa Abdus Salam wa Pakistani. Sababu nitaieleza mwishoni, maana ndani yake kuna aibu yangu mwenyewe.

Abdus Salam alizaliwa tarehe 29 Januari, 1926, akakulia Jhang, mji mdogo wa wakulima katika Punjab, wakati huo ikiwa sehemu ya India chini ya Waingereza. Baba yake alikuwa mtumishi wa idara ya elimu. Mwaka 1940, akiwa na umri wa miaka 14, kijana huyu alifanya mtihani wa kuingia Chuo Kikuu cha Punjab, akapata alama ambazo hakuna aliyewahi kuzipata kabla yake. Aliporudi mjini juu ya baiskeli yake, watu wa Jhang walitoka majumbani kumlaki.

Mwaka 1946 alipata nafasi ya kwenda kusoma Cambridge, Uingereza. Fedha zilitoka katika mfuko uliochangwa kwa ajili ya vita kuu. Vita vilipokwisha, fedha zile ziligeuzwa ziwasomeshe watoto wa wakulima wadogo. Mwaka uliofuata nchi iligawanyika kuwa India na Pakistani, na mpango ule ukafa. Salam alikuwa ameupanda mtumbwi kabla haujazama.

Huko Cambridge alifaulu hisabati na fizikia kwa daraja la kwanza, akaingia katika utafiti, na jina lake likaanza kutajwa. Mwaka 1951 akarudi Lahore kufundisha chuoni alikosoma. Alirudi kwa moyo mweupe, akitaka kuanzisha utafiti nyumbani. Lakini hapakuwa na maktaba ya kutosha, wala majarida mapya, wala hata mtu mmoja wa kujadiliana naye kazi aliyoifanya. Mkuu wa chuo alimshauri asahau utafiti, akampa achague kazi moja kati ya tatu za ziada: kusimamia bweni, kutunza hesabu za fedha, au kuongoza timu ya kandanda. Salam akachagua kandanda. Siku moja alisafiri hadi Bombay kuonana na Wolfgang Pauli, mmoja wa wanafizikia wakubwa wa dunia. Aliporudi alitakiwa ajieleze kwa nini aliacha kazi bila ruhusa.

Ndugu zangu, mwalimu yeyote aliyewahi kuwa peke yake katika somo lake ataelewa. Mshahara ukichelewa utakopa dukani. Mazungumzo ya elimu hayana duka. Mwaka 1954 Salam aliiacha Lahore, akarudi Cambridge. Mwaka 1957 akawa profesa katika Imperial College, London, na huko akaikuza idara ya fizikia ya nadharia ambamo wageni kutoka pande zote za dunia walikaa pamoja, wakabishana ubaoni na kusahihishana bila kununiana.

Lakini kule kuondoka kulimkaa moyoni kama mwiba. Aliona si haki mtu mwenye kipaji alazimike kuchagua kati ya nchi yake na elimu yake. Kuanzia mwaka 1960 alilishawishi Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki lianzishe mahali ambapo wanasayansi wa nchi maskini wangekutana na wenzao. Mataifa makubwa mengine yaliupokea ubaridi mpango huo. Serikali ya Italia ikajitolea, na mwaka 1964 Kituo cha Kimataifa cha Fizikia ya Nadharia kikafunguliwa mjini Trieste.

Utaratibu wake ulikuwa mwepesi. Mwalimu wa chuo kikuu cha Afrika, Asia au Amerika ya Kusini aliweza kwenda Trieste miezi michache, akasoma, akasikiliza na kuulizana na wenzake, kisha akarudi kwao kufundisha. Baada ya muda akaenda tena. Hakuhitaji kuhama nchi ili asife kielimu.

Mwaka 1979 Salam, pamoja na Sheldon Glashow na Steven Weinberg wa Marekani, alipewa Tuzo ya Nobel. Walikuwa wameonyesha kwamba nguvu ya umeme na sumaku, na ile nguvu hafifu inayofanya baadhi ya viini vya atomu vivunjike, ni pande mbili za nguvu moja. Fedha za tuzo alizitumia kuwasaidia vijana wanasayansi wa nchi maskini. Kisha, mwaka 1981, alikwenda Calcutta kumtafuta Anilendra Ganguly, Mhindu aliyemfundisha hisabati Lahore, ambaye sasa alikuwa mzee kitandani. Akamwonyesha nishani ile na kumwambia kwamba ni matunda ya mafundisho yake. Mwaka 1983 alianzisha Akademia ya Sayansi ya Ulimwengu wa Tatu, na miongoni mwa waanzilishi wenzake alikuwamo Thomas Odhiambo wa Kenya.

Nyumbani kwake hakutendewa vema. Salam alikuwa wa Jumuiya ya Ahmadiyya, jumuiya ile ile ya Sheikh Kaluta Amri Abedi wetu, mtunzi wa Sheria za Kutunga Mashairi, ambaye alipata kusoma Rabwah, Pakistani. Mwaka 1974 bunge la Pakistani liliamua kwamba Waahmadiyya si Waislamu. Salam akajiuzulu kazi ya kumshauri mkuu wa nchi katika sayansi, lakini uraia wa Pakistani hakuuacha. Alifariki Oxford tarehe 21 Novemba, 1996, akazikwa Rabwah. Baadaye neno Mwislamu lilifutwa katika jiwe la kaburi lake. Kituo cha Trieste kiliitwa kwa jina lake mwaka 1997.

Sasa aibu yangu. Miaka ile nilipokuwa mwalimu pekee wa fizikia shuleni, mvulana mmoja kutoka milimani, upande wa Mgeta, aliniuliza kwa nini maharage ya kwao hukawia kuiva kuliko ya jiko la shule. Nilimjibu juu juu kwamba ni kanieneo ya hewa. Akataka aazime kipimajoto likizo ili apime maji yanayochemka kwao. Nilimwuliza kama hilo lingetoka kwenye mtihani, darasa likacheka, akaketi. Hakuuliza tena mpaka alipomaliza. Kila tukipanda mita 300 hivi, maji huchemka kwa joto pungufu kwa takriban nyuzi 1. Angeweza kuipata tarakimu hiyo mwenyewe.

Erasto Mpemba naye alichekwa, alipodai kwamba maziwa ya moto yaliwahi kuganda kuliko yaliyopoa. Bahati yake, Dr. Denis Osborne wa idara ya fizikia, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alilichukua swali lake likajaribiwe maabara, na mwaka 1969 makala yao ikachapishwa. Mvulana wangu hakumpata Osborne. Alinipata mimi.

Vijana, maji ya Uluguru huteremka kwa mto Ruvu hadi Dar es Salaam na baharini, na mawingu ya bahari huyarudisha mlimani. Nendeni mbali, lakini rudini. Nasi wakongwe, siku ya mkutano tusiishie kwenye pilau na hotuba. Tuingie maabara saa moja tu, tuketi na vijana, tusikilize maswali yao. Kipimajoto nitakuja nacho mimi.